Kujenga PC ya Gemu Ukiwa Londiani: Spea za Kuchukua na Zile Zitakuchoma

Msee wa Nairobi akibonga kuhusu PC ya gemu, anaanza na kadi ya grafiki. Huku Londiani tunaanza kwa kucheki mawingu.

PC yangu ya kwanza ilikufa saa kumi jioni, mvua ya mawe ikitwanga mabati. Radi ilipiga upande wa msitu, stima ikaenda, ikarudi, ikaenda tena. Iliporudi mara ya pili nikasikia "tap" moja, halafu harufu ya plastiki kuungua. Pawasaplai ya bei rahisi ilikuwa imejiua, na ikaenda na mazabodi. Doh ya viazi ya msimu mzima, kwisha. Kolegi nilikuwa nishatoka, so mzae hakusema kitu. Aliniangalia tu. Afadhali angenitusi.

Kwa hivyo kama umekalia doh ya viazi, ama kwenu bonasi ya majani chai imeingia na umeomba kakitu, soma hii kwanza kabla ya kupanda mat ya Nakuru.

1. Anza na gemu, sio spea

Andika chini gemu tatu unacheza kweli. Sio zile unacheki YouTube.

Kama ni Valorant, CS2 na GTA V, hauhitaji mashine ya maajabu. Hizo zinakubali spea za bei ya chini. Kama ni EA FC mpya na Call of Duty, hapo unataka kadi ya grafiki ya maana na SSD kubwa. Kama unataka kufungua kajoint ya gemu pale senta, watoto walipe kwa dakika, basi unatafuta mashine isiyozima. Urembo wa taa za rangi weka kando.

Halafu cheki monita. Monita ya 1080p ya 60Hz inaonyesha fremu 60 kwa sekunde, basi. Kununua kadi ya kutoa fremu 200 na monita yako ni 60Hz ni kama kununua ng'ombe wa gredi na hauna nyasi.

2. Prosesa na mazabodi lazima zielewane

Mazabodi ndiyo bodi kubwa inayounganisha kila kitu. Prosesa inaingia kwa soketi yake, na soketi hazibadilishani. Hapa ndio wasee wengi huchomeka.

AMD wako na AM4, na AM5 iliyokuja 2022. AM4 inatumia RAM ya DDR4. AM5 inatumia DDR5 pekee. Intel kizazi cha 12 hadi 14 kinatumia LGA1700, na hapo mazabodi zingine ni za DDR4, zingine DDR5. Hakuna mazabodi ya kawaida utaingiza zote mbili vile unataka, juu kale kapengo ka chini ya RAM kako mahali tofauti. Usisukume kwa nguvu.

Prosesa za msee wa bajeti:

- Ryzen 5 5600: kore 6, thredi 12, wati 65, AM4. Ya boksi inakuja na feni yake. Ukiweka kwa mazabodi ya B450 ya zamani, uliza kama BIOS imesasishwa, la sivyo haitawaka.
- Core i3-12100F: kore 4, thredi 8. Ndogo lakini mbaya kwa gemu. Hiyo "F" inamaanisha haina grafiki ya ndani, so bila kadi hauoni kitu kwa monita.
- Ryzen 5 5600G: hii iko na grafiki ndani. Ni ya msee anataka kuanza leo na kununua kadi msimu ujao. Valorant itacheza fiti. Call of Duty punguza matarajio.

3. Kadi ya grafiki ndiyo inakula doh

Kwa PC ya gemu, theluthi moja ya bajeti hadi karibu nusu kwenda kwa kadi ni kawaida. Lakini usimalize doh hapa ukaenda kuokota pawasaplai kwa takataka. Hiyo ndiyo ilinimaliza mimi.

RX 6600 iko na GB 8 na inakula wati 132. RTX 3060 ya GB 12 inakula wati 170. Zote mbili zinatosha 1080p. GTX 1650 ya GB 4 ni ya chini yao, inakula wati 75, na nyingi hazihitaji waya ya ziada ya stima.

Kadi za mitumba ziko poa, lakini chunga. Septemba 2022 Ethereum iliacha uchimbaji wa kadi za grafiki, na kadi nyingi zilizokuwa zinakimbia mchana na usiku zikaingia sokoni. Kadi ya uchimbaji sio lazima iwe imekufa, feni ndio huchoka. Kuna pia kadi feki, ya zamani imebadilishwa jina isome kama mpya. Kabla ulipe, iwekwe kwa mashine, ufungue programu ya bure inaitwa GPU-Z, usome jina na GB. Halafu gemu ikimbie nusu saa. Muuzaji akikataa, toka.

4. RAM na SSD

GB 16 ndiyo ya kuanzia. Chukua vipande viwili vya 8 badala ya kimoja cha 16, juu viwili vinafanya kazi pamoja na spidi inaongezeka. Kwa 5600G hii ni lazima, kwa sababu grafiki yake inaazima RAM. Tangu mwisho wa 2025 bei ya RAM imeruka juu kampuni za AI zinanunua kama hazina akili, so DDR4 ya mitumba ukiipata safi, usiicheke.

SSD chukua ya TB 1 ukiweza. Call of Duty pekee inaweza kupita GB 100. Ukiweka Windows na gemu mbili kwa GB 256, umejaa. Kucheki kama mazabodi iko na nafasi ya M.2 ya NVMe ni kazi ya dakika mbili.

5. Pawasaplai: hapa usibahatishe

Piga hesabu. Ryzen 5 5600 ni wati 65. RX 6600 ni 132. Jumla 197. Ongeza kama 70 za mazabodi, RAM, SSD na feni, uko karibu 270. AMD wenyewe wanapendekeza pawasaplai ya wati 450 kwa hiyo kadi. Mimi ningeweka 550 ya kampuni inayojulikana, yenye alama ya 80 Plus.

Pawasaplai feki utaijua kwa mkono. Ni nyepesi kama boksi tupu, na imeandikwa wati 600 kwa karatasi.

Na kuna kaswichi kekundu nyuma ya zingine, 115 na 230. Stima ya Kenya ni volti 240. Kakiwa kwa 115 na uwashe, umelipua. Cheki kabla ya kuchomeka waya.

6. Mambo ya Londiani yenyewe

*Radi.* Huku Kericho mvua ya mawe na radi ni majirani. Hakuna kifaa cha dukani kitazuia radi ikipiga karibu. Mawingu yakiwa meusi, chomoa waya ya stima, chomoa na waya ya intaneti pia. Usizime swichi tu. Chomoa.

*Stima kuenda na kurudi.* Weka gadi ya stima, ile kama ya friji, inayongoja dakika chache kabla ya kuruhusu stima iingie. UPS ni bora zaidi, lakini VA sio wati. UPS ya 650VA mara nyingi inabeba chini ya wati 400, na itakupa dakika chache za kuseti na kuzima, sio kumaliza mechi.

*Athi.* Kama kesi inakupiga shoti kidogo ukigusa, huenda waya ya athi ya nyumba haiko. Ita fundi wa stima. Hiyo ni maisha yako, sio PC pekee.

*Baridi.* Hii ni zawadi. Tuko juu ya mita 2,000, hewa ni baridi, so feni ya prosesa inayokuja kwa boksi inatosha. Usipoteze doh kwa kupoza kwa maji. Lakini usiweke PC jikoni kwa kuni. Moshi na vumbi huziba feni. Pangusa kila mwezi.

7. Njia ya mkato: mashine za ex-UK

Zile Dell OptiPlex na HP EliteDesk za ofisi zinauzwa kila mahali. Unaweka kadi ndogo, unacheza. Inawezekana, ukijua haya:

- Zile nyembamba zinakubali kadi fupi tu, ya wati 75 kushuka. GTX 1650 fupi ama RTX 3050 ya GB 6, ambayo ni wati 70.
- Pawasaplai zao nyingi ziko na soketi za kampuni, so ya kawaida haitaingia.
- Windows 10 iliwachwa bila sapoti tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 inataka Intel kizazi cha 8 kwenda juu na TPM 2.0. Valorant kwa Windows 11 inadai TPM 2.0 na Secure Boot. Ukiuziwa i5 ya kizazi cha 6 kwa bei tamu, jua ni kwa nini ni tamu. Tafuta kama i5-8500, kore 6.

8. Siku ya kununua

Nenda mwenyewe Nakuru ama Luthuli, Nairobi. Usitume M-Pesa kwa picha. Itisha risiti iandikwe namba ya spea na muda wa waranti. Ukirudi na mat, kadi ibebe mapajani, usiiweke kwa buti na magunia ya viazi.

Ukimaliza kuunganisha na monita ni nyeusi, usilie kwanza. Waya ya monita inaingia kwa kadi, sio kwa mazabodi. Tumeanguka hapo wote.

PC yangu ya pili iko na mwaka wa pili sasa. Kadi yake ni ndogo kuliko ile iliungua, pawasaplai ni mzito kama tofali. Jana mawingu yalianza kukusanyika tukiwa dakika ya 80, naongoza mbili moja. Mzae ndiye aliniita kutoka nje: "Chomoa hiyo kitu!"

Nikachomoa.