Mahali pa Kutua katika Nchi ya Kazembe

Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa Julai, Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa bonde la Luapula nchini Zambia, atokapo katika jumba lake la Mwansabombwe, amebebwa juu ya machela na mabega ya vijana, ili aende kucheza Umutomboko mbele ya raia zake, mji ule ambao siku nyingine hupitiwa na baiskeli, mbuzi na malori ya samaki hupokea umati mkubwa kuliko nafasi yake. Wako watokao kusini kwa njia ya Mansa na Mwense, wako washukao kutoka Nchelenge na Kashikishi kwenye ufuko wa Ziwa Mweru, wako wavukao Mto Luapula kutoka Kongo, na wako wana wa nchi waliohamia migodini katika Copperbelt, ambao hurudi siku hiyo kuwaonyesha watoto wao asili yao. Na wote hao, kabla ya kuiona ngoma waliyoijia, wana haja moja, nayo ni kupata mahali pa kuyaweka magari yao.

Mji wenyewe umetandazwa kwa urefu kuifuata barabara, nyumba zikiangalia lami, na nyuma yake mihogo, na nyuma ya mihogo vinamasi vya bonde. Uwanja wa kuegesha magari kwa idadi ile haupo, wala hapana sababu ya kuujenga kwa ajili ya siku mbili za mwaka. Basi mgeni huingia uani kwa mtu: chini ya mwembe wa jirani, kando ya jiko la nje, mbele ya mlango ambao mwenyewe aliufagia alfajiri. Asiyeijua tarikhi ya bonde hili atadhani kwamba taabu hiyo imeletwa na motakaa. Ni kongwe kuliko motakaa kwa zaidi ya karne, na watu wa Kazembe waliitungia sheria wakati mizigo yote ya nchi ilipochukuliwa kichwani.

Ufalme huu wa Walunda uliasisiwa katika bonde la Luapula katika karne ya 18 na watu waliotoka magharibi, kwa Mwata Yamvo, mfalme mkuu wa Walunda, na haukukawia kuwa kituo kikuu cha katikati ya bara, kwa kuwa shaba na chumvi na pembe za ndovu zilipita mikononi mwake zikielekea Angola upande mmoja, na upande wa pili Tete na Pwani yetu ya Waswahili. Mwenye kuja na bidhaa hakuuingia mji wa mfalme kama aingiavyo mtu sokoni. Alisimama mbali, akatuma habari ya kuja kwake, akapeleka hidaya, akangoja. Kisha akaonyeshwa mahali pa kupiga kambi, na tangu hapo yeye na wapagazi wake na mizigo yake walikuwa katika dhamana ya mwenye mji, ambaye hakuruhusu waguswe wala hakuruhusu waondoke bila ya idhini yake.

Mwaka 1798 Francisco José de Lacerda e Almeida, gavana Mreno wa Mito ya Sena, aliondoka Tete akitafuta njia ya kuiunganisha Msumbiji na Angola kwa nchi kavu, akafika kwa Kazembe wa tatu, Lukwesa Ilunga, akiwa mgonjwa wa homa, na tarehe 18 Oktoba akafariki. Wenziwe, waliobaki chini ya uongozi wa padri Francisco João Pinto, walitaka kuendelea magharibi, lakini hawakupewa njia. Walikaa pale walipowekwa hadi Julai ya mwaka uliofuata, ndipo wakarudi walikotoka. Baada yao wakaja kutoka Angola wachuuzi wawili Waafrika, Pedro João Baptista na mwenziwe, waliofika mwishoni mwa 1806, na wao hawakuwahi kuiona Tete mpaka 1811. Waswahili husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika mji wa Kazembe mgeni wa biashara alipewa miaka. Hakika ilikuwa shida kwa mgeni, wala sitaki kuipamba, lakini ndani yake mlikuwa na kanuni iliyo wazi: kituo cha msafiri ni milki ya mwenyeji, naye hukitoa kwa wakati wake na kwa masharti yake.

Kanuni hiyo ilikuwa na upande wa heshima pia. Wageni wakubwa walitakiwa kutoa taadhima na zawadi penye makaburi ya wafalme waliotangulia, na Kapteni António Gamitto, aliyefika pamoja na Meja Monteiro mwaka 1831 na ambaye kitabu chake juu ya safari hiyo kilipigwa chapa Lisbon mwaka 1854, ameeleza mambo ya baraza ile kwa marefu na mapana: mpangilio wa watu mbele ya mfalme, kila mwenye cheo na mahali pake pa kuketi, ngoma na silaha na nguo. Asomaye maelezo yake huona kwamba katika mji ule hapakuwa na nafasi isiyo na mwenyewe. Aliyejua cheo chake alijua na mahali pake, na asiyejua alionyeshwa.

Hapo ndipo jamaa zetu wa Pwani wanapoingia katika habari hii. David Livingstone alipofika kwa Kazembe mwezi wa Novemba 1867, baada ya kuliona Ziwa Mweru siku chache kabla, aliyempokea alikuwa Mwarabu, Muhammad bin Salih, mtu mweusi mwenye ndevu nyeupe, ambaye watu wake walipiga bunduki za kumkaribisha, akamwongoza mpaka barazani kwake, akampa kibanda cha kukaa mpaka ajenge chake. Na huyu Muhammad, aliyempa mwenzake mahali pa kutua, mwenyewe alikuwa amezuiliwa pale kwa miaka mingi, haruhusiwi kuondoka. Nalifikiri jambo hili mara nyingi na kila mara hunigusa: mtu aliyekwisha kuwa mgeni kiasi cha kuwa mfungwa, na bado akaijua adabu ya ugeni kiasi cha kumfungulia mlango asiye wa dini yake wala wa nchi yake. Livingstone alimwombea kwa Kazembe apewe ruhusa, akapewa, wakasafiri pamoja, na mwezi wa Machi 1869 wakafika Ujiji.

Livingstone aliandika pia mavazi ya mfalme siku ya baraza: kitambaa cha Manchester, buluu na nyeupe, chenye ukingo mwekundu, kilichokunjwa kwa mikunjo mingi mikubwa kiunoni. Aliyeiona sketi nene ya mikunjo anayoivaa Mwata siku ya Umutomboko ameuona urithi wa vazi lile. Nguo ile ilikuja katika misafara, ikapita katika kambi za nje ya mji, ikatolewa kuwa hidaya na hongo ya njia, na leo watu huijia kwa magari kutoka mbali ili waione ikicheza.

Lakini adabu ile ilivunjwa, na waliokuwa katika wavunjaji ni watu wa lugha yetu. Hamed bin Muhammed, aitwaye Tippu Tip, ambaye alieleza maisha yake mwenyewe kwa Kiswahili, alimshinda Nsama wa Watabwa, mashariki ya ziwa, mwaka 1867, na habari ya ushindi ule iliwafunza wafanyabiashara kwamba penye bunduki za kutosha haipo haja ya kungoja nje ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1870 watu wa Pwani waliushambulia mji wa Kazembe na Mwata akauawa. Tangu hapo msafara haukuomba tena mahali. Ulijitwalia, ukajizungushia boma lake. Waingereza walifuata njia hiyo hiyo kwa nguvu zaidi: mwaka 1899 jeshi lililoongozwa na Alfred Sharpe liliuteketeza mji kwa moto, na Kazembe wa kumi, Kanyembo Ntemena, akakimbilia ng'ambo ya Luapula. Aliporudi alikuwa mtawala chini ya watawala, na kazi ya kusema nani apite na nani asimame ilihamia kwenye ofisi za serikali.

Kule ufukoni, Nchelenge na Kashikishi, sheria ya mahali ilikuwa na sura nyingine, kwa kuwa kilichotua pale kilikuwa mtumbwi. Wenyeji wa maji walikuwa Washila, wavuvi waliolitangulia dola la Walunda, na masimulizi ya bonde yanasema kwamba mwanamke wao, Nachituti, ambaye mwanawe aliuawa na ndugu yake Nkuba, alimwomba Kazembe amlipie kisasi, na alipolipiwa akampa Kazembe nchi na maji kuwa shukrani. Tangu hapo Walunda walishika enzi, ila wenye mito na wangwa waliendelea kuwako, na mvuvi mgeni aliyetaka kuvua alipaswa kuwajua kwanza. Biashara ya Wagiriki wa Kasenga, upande wa Kongo, waliokuwa wakinunua samaki aina ya mpumbu na kuwapeleka Elisabethville kuwalisha wafanyakazi wa migodi, ililegeza sana kamba hizo, maana lori la barafu halingojei ada. Mpumbu wakavuliwa hata wakati wa kupanda mtoni kutaga, na kabla karne haijafika mbali baada ya nusu yake walikuwa wamekwisha. Baadaye wakashika nafasi yao samaki wadogo wa jamii ya dagaa, waitwao chisense, ambao huanikwa mchangani, na kwa hiyo kipande cha ufuko karibu na nyumba kikapata thamani ambayo hakikuwa nayo zamani. Kila mwaka uvuvi unapofunguliwa mwezi wa Machi, baada ya miezi mitatu ya kufungwa tangu Desemba, mitumbwi, wanunuzi na magari hugombea ufuko ule ule, na mama aliyetandaza chisense zake huwa na haki sawasawa ya kuuliza ni nani amempa dereva ruhusa ya kupita hapo.

Umutomboko, kwa sura yake ya leo ya sherehe ya kila mwaka, ulipangwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, zama za Kazembe wa 17, Paul Kanyembo Lutaba. Ngoma yenyewe ni ya kale, ngoma ya ushindi, ambayo mfalme huicheza na shoka na upanga, akiuelekeza upanga mbinguni kisha ardhini. Jambo jipya lilikuwa tarehe maalumu, jukwaa la viongozi wa serikali, na mwaliko kwa taifa zima. Mfalme aliyewahi kuwazuia wageni miaka minne sasa aliwaita waje kwa siku mbili. Walipopanda malori na mabasi, mji ulistahimili, kwa maana lori moja lilileta watu wa kijiji kizima na likaegeshwa mahali pamoja. Daraja la Chembe juu ya Luapula lilipofunguliwa mwaka 2008, likakomesha kungoja kivuko katika njia ya kutoka Copperbelt kupitia ardhi ya Kongo, safari ikawa nyepesi kwa mwenye gari lake binafsi; na mwenye gari lake binafsi huleta watu wanne na kutwaa nafasi ya ua mzima.

Mambo haya si ya Mwansabombwe peke yake. Makunduchi, kusini mwa Unguja, katika mwezi ule ule wa Julai, husherehekewa Mwaka Kogwa, na barabara ya kijiji hujaa magari ya watu wa mjini kwa siku ya kupigana kwa vigongo vya migomba. Lakini Wamakunduchi wana itikadi njema, kwamba nyumba isiyopata mgeni siku hiyo imekosa baraka, kwa hiyo mgeni hutafutwa, huketishwa, hulishwa. Na aliyekwisha kula wali wa nyumba fulani hawezi tena kuliacha gari lake mlangoni pa nyumba hiyo kama aliachaye jangwani. Chakula kimemfanya awe na jina, na wenyeji wanajua wamwite nani gari likizuia njia.

Naamini kwa dhati kwamba dawa ya taabu ya Mwansabombwe imo katika kanuni yake ya zamani, ikitolewa ule ukali wa kuwafunga watu. Gari lisimame nje kwanza, kama misafara ilivyosimama. Dereva ashuke, abishe hodi, aseme ametoka wapi na ataondoka lini, na mwenye ua ampe au amnyime, kwa maana hata kunyima ni haki yake. Na kama ijara italipwa, ilipwe mkononi mwa yule aliyeuondoa mkokoteni wake na kuwafunga kuku wake ili pawe na nafasi, wala isichukuliwe na vijana wenye filimbi waliojiweka barabarani asubuhi ile na ambao jioni hawataonekana. Wazee wa vitongoji wanaujua kila ua na kila mwembe. Wakikutanishwa na wapangaji wa sherehe mwezi mmoja kabla, wanaweza kusema nyumba ipi itapokea magari mawili, ipi ina mgonjwa na isisumbuliwe, na njia ipi iachwe tupu ili machela ya Mwata ipite na gari la hospitali lipite. Wageni watokao Kashikishi wakipangiwa upande wa kaskazini na watokao Mansa upande wa kusini, hakuna atakayehitaji kuupasua umati kwa gari ngoma inapolia, na jioni kila mmoja atatoka kwa upande aliokuja nao, akiwa ameagana na mwenye nyumba yake.