Harambe ya Florida na biashara ya foleni

Mwenzetu mmoja wa Temeke ameniletea ujumbe wenye swali ambalo mwanzoni nililiona la mzaha. Mwanawe anayefanya kazi Marekani amemwalika yeye na wajukuu wawili kutembelea bustani za burudani za Disney kule Florida. Nauli ipo, viza ipo. Kinachomtia hofu ni foleni. Ameambiwa kuwa huko mtu anaweza kusimama saa mbili nzima juani ili apande kitreni cha dakika nne. Anauliza: je, hakuna ujanja wa kuikwepa?

Ujanja upo, na nitautaja. Lakini nilipoanza kulifuatilia swali hili niliona kwamba foleni za Disney zina historia, na historia hiyo inatuhusu hata sisi tusio na safari ya Florida.

Turudi nyuma hadi Jumapili ya tarehe 17 Julai 1955, mjini Anaheim, California. Siku hiyo mtengenezaji wa filamu za katuni, Walt Disney, alifungua Disneyland, bustani iliyomgharimu dola milioni 17. Sherehe ilirushwa moja kwa moja na televisheni ya ABC, na mmoja wa watangazaji alikuwa mcheza sinema aitwaye Ronald Reagan, ambaye mwaka 1981 alikuja kuwa Rais wa nchi hiyo. Walioalikwa walikuwa kama 11,000. Walioingia wakakadiriwa kuwa 28,000, wengi wakiwa na tiketi za bandia. Jua lilikuwa kali, lami mpya ikalainika, viatu vya akina mama vyenye visigino virefu vikanasa. Mgomo wa mafundi bomba ulikuwa umechelewesha kazi, hivyo maji ya kunywa yalipatikana kwa shida. Siku hiyo imebaki katika kumbukumbu za kampuni hiyo kwa jina la Jumapili Nyeusi.

Tangu hapo kampuni imekuwa ikipambana na foleni, na imetumia mbinu nne, moja baada ya nyingine.

Mbinu ya kwanza ilikuwa tiketi. Kuanzia Oktoba 1955 mgeni aliuziwa kijitabu cha tiketi zenye herufi, na kufikia mwaka 1959 herufi hizo zilikuwa A hadi E. Tiketi ya A ilikuwa ya vitu vidogo vidogo. Tiketi ya E ilikuwa ya michezo mikubwa, kama kile kitreni kinachoporomoka kutoka mlima wa kuundwa uitwao Matterhorn. Kwa kuwa tiketi za E katika kijitabu zilikuwa za kuhesabu, watu hawakuweza kurundikana mahali pamoja kutwa nzima. Mwaka 1983 mwanaanga Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, alilinganisha safari yake na tiketi ya E, na Wamarekani wote wakamwelewa. Lakini kufikia wakati huo vijitabu vilikuwa vimekwisha kufutwa, mwaka 1982. Mgeni akawa analipa mara moja tu mlangoni na kupanda chochote apendacho. Bila shaka kila mtu alikimbilia kile kizuri zaidi.

Mbinu ya pili ilikuwa ya ufundi. Katika Maonyesho ya Dunia ya New York ya mwaka 1964 na 1965, mafundi wa Disney walitengeneza mashua zilizofuatana katika mfereji bila kukoma. Mashua hizo zilihamishiwa Disneyland mwaka 1966. Mwaka 1967 ukafuata mchezo wa maharamia, nao wa mashua. Mwaka 1969 ikafunguliwa nyumba ya mizimu, ambayo viti vyake vimeungwa kama mnyororo usiosimama: kimoja kikiondoka, kingine kimeshafika. Naomba tuizingatie mbinu hii, maana viti vikiongezeka, foleni humpungukia kila mtu, awe na fedha au asiwe nazo.

Sambamba na ufundi ilikuja elimu ya nafsi. Foleni ilikunjwakunjwa kama utumbo ili mgeni asione urefu wake wote, na kuta zikajazwa picha na vituko vya kumshughulisha. Mwaka 1985 mtaalamu David Maister aliandika kwamba muda wa kukaa bure huonekana mrefu kuliko muda wa kushughulika, na kwamba kungoja usikojua mwisho wake huchosha kuliko kungoja kwenye mwisho unaojulikana. Yeyote aliyewahi kukaa kwenye benchi la zahanati bila kuambiwa daktari atafika saa ngapi hahitaji kufundishwa jambo hilo.

Mbinu ya tatu ndiyo inayotufikisha kwetu. Mwaka 1998 Disney walifungua Florida bustani ya wanyama iitwayo Animal Kingdom. Ndani yake wamejenga kijiji cha Kiafrika cha kubuni, kwa kuiga sura ya Lamu: kuta zilizochakaa makusudi, maandishi ya Kiswahili, na hata tangazo la Uhuru 1961. Kijiji kimepewa jina la Harambe. Neno hilo ni letu, ingawa wamelipunguzia herufi moja. Ndilo neno ambalo Mzee Jomo Kenyatta aliwahimizia Wakenya wavute pamoja. Na kutoka kijijini hapo ndipo wageni hupanda malori ya wazi kwenda kutazama simba na twiga, katika safari inayoitwa Kilimanjaro.

Mwaka 1999 safari hiyo ya Kilimanjaro ilikuwa miongoni mwa michezo ya kwanza kuwekewa mpango ulioitwa FastPass. Mgeni aliingiza tiketi yake katika mashine, akapewa karatasi inayomwambia arudi saa fulani, kisha akaenda kula au kutembea. Saa ikifika alipita mlango wake bila kusubiri sana. Sisi tuliokuwa watoto miaka ya 1980 tunaijua karatasi hiyo. Ni lile jiwe, au lile kopo, tuliloliacha kwenye foleni ya sukari ili litushikie nafasi wakati mama ametutuma kwingine. FastPass ilikuwa ya bure, na kila aliyelipa kiingilio aliweza kuipata.

Mbinu ya nne ni ya kuuza. Mpango ule wa bure ulisimama bustani zilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19 mwaka 2020, na haukurudi. Oktoba 2021 Florida ilianzisha njia ya haraka ya kulipia, kwa dola 15 kwa kila mtu kwa siku, na michezo michache iliyopendwa zaidi ikauzwa mmoja mmoja kwa bei yake. Mwishoni mwa mwaka 2024 ikaongezwa pasi ya kifahari ambayo bei yake Florida ilianzia dola 129 na kufika dola 449 kwa mtu mmoja kwa siku moja, kutegemea bustani na tarehe. Hapo kiingilio bado hakijahesabiwa.

Atasema mtu: mwenye fedha na atumie fedha zake, wewe unapungukiwa nini? Tufanye hesabu. Mwaka 1961 msomi wa Marekani John Little alithibitisha kanuni rahisi inayounganisha idadi ya watu walio katika foleni, kasi ya foleni na muda wa kusubiri. Chukulia mbele yako wapo watu 600, na mchezo unapandisha watu 20 kwa dakika. Utasubiri dakika 30. Sasa viti 10 kati ya hivyo 20 wapewe watu wa mlango wa pili. Watu wa mbele yako ni wale wale 600, lakini kwa kila dakika wanapungua 10 tu. Utasubiri dakika 60. Mchezo haukuongezewa hata kiti kimoja. Dakika alizookoa yule zimetoka kwako.

Tena kinapokuwapo kilicho bora, watu hutafuta mlango wa nyuma. Mwaka 2013 magazeti ya Marekani yaliandika kuhusu matajiri waliokodi watu wenye ulemavu wafuatane nao, ili familia zao zipite mlango uliotengwa kwa ajili ya walemavu. Oktoba mwaka huo Disney ikabadilisha utaratibu. Walioumia ni wenye ulemavu wenyewe, walioanza kutiliwa shaka.

Sasa nimjibu mzee wetu wa Temeke. Ujanja wa bure bado upo. Fika kabla ya malango kufunguliwa, uanze na ule mchezo unaovuta watu wengi zaidi. Safari ya Kilimanjaro inafaa asubuhi, kwani wanyama huwa hawajakimbilia vivuli. Kula mapema au kwa kuchelewa, wenzako wakila wewe upo kwenye foleni. Gwaride likipita barabarani, michezo hupungua watu. Chagua siku ambazo shule za huko hazijafungwa. Palipo na foleni ya mtu mmoja mmoja, vijana wakubwa wajigawe na kujaza viti vinavyobaki. Na mjukuu akiwa mfupi kuliko kipimo cha mchezo, waombeni wahudumu mpokezane: mmoja apande, mwingine abaki na mtoto, kisha mbadilishane bila kupanga foleni upya.

Lakini ajue kwamba ujanja huu nao una kikomo. Wote wakiamua kuamka alfajiri, foleni ya alfajiri itakuwa kama ya saa sita mchana.

Mimi sina ugomvi na Disney. Mchezo ni mchezo, na asiyeupanda hafi. Ninachoogopa ni mazoea. Mwezi uliopita nilisimama katika benki moja hapa mjini, namba yangu mkononi, nikahesabu watu wanane wakiingia kwa mlango wa pembeni wenye kibao cha wateja maalumu. Madirisha yalikuwa manne, mawili yakawa yao. Mama mmoja mbele yangu, aliyekuja kuchukua fedha za matibabu, alisema taratibu: mwenye nguvu mpishe. Hakuna aliyecheka.

Ziko foleni zinazoweza kuuzwa, na ziko ambazo hazifai kuuzwa. Ya lori la kwenda kutazama twiga wa Florida, na iuzwe. Ya maji, ya dawa, ya nafasi ya mtoto shuleni, hizo kabla hatujazifungulia mlango wa pili ni lazima tuulize kwanza swali la wale mafundi wa mwaka 1964: je, haiwezekani kuongeza viti? Tukiacha kuuliza hivyo, neno harambee litabaki kwenye kibao cha kijiji cha kubuni, huko ng'ambo, nasi tumelisahau.

Tukutane wiki ijayo, saa kama hii.