Ukubwa wa Risasi
Sisi wa Ibighi, tuliozoea kuona mgomba ukianguka kwa panga moja, twaweza kudhani ukubwa wa risasi ndio unaomwangusha tembo. Mwaka 1912 Holland & Holland wa London walitoa .375 Magnum, risasi yenye baruti nyingi; mwaka 1956 Winchester wa Marekani wakatoa .458, yenye uzito wa gramu 32 hivi. Lakini kabla ya hizo, W. D. M. Bell aliua tembo wengi huko Karamoja, Uganda, kwa risasi ya milimita 7, gramu 11 tu. Alijua ubongo ulipo. Je, wangapi wanajua? Mwindaji akimjeruhi nyati, atakayelipa ni mkata kuni wa kesho. Basi risasi kubwa ni kinga. Shabaha ndiyo deni.