Kodi ya Nyumba na Haki ya Mfanyakazi

Taabu ya malazi ya mjini si ngeni kwetu. Aprili 1954, katika Operesheni Anvil, serikali ya kikoloni iliwakamata Nairobi maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru, na wengi wakaondoshwa vyumbani mwao. Mwaka huo huo Kamati ya Carpenter ilieleza kwamba mshahara wa Mwafrika ulikadiriwa kwa mahitaji ya kapera, wala haukutosha kuitunza jamaa yake.

Baada ya Uhuru, Sheria ya Kazi ya 1976 ilimtaka mwajiri ampe mfanyakazi nyumba ya kufaa, au amlipe fedha za kodi juu ya mshahara. Sheria ya 2007, kifungu cha 31, imelishika neno hilo. Basi apangaye chumba kwa mwenye nyumba yeyote, Meru au Embu, hakuipoteza haki hiyo. Lakini na autazame mkataba wake: ukitamka kwamba kodi imekwisha kutiwa ndani ya mshahara, hana la kudai zaidi. Kwa hiyo twawasihi vijana wetu wausome kabla ya kutia sahihi, kwani majuto ni mjukuu.