Fundi Bomba na Kichwa cha Mtoto

Siku moja nilimuuliza fundi mmoja wa Gerezani swali lililomfanya aweke spana chini. "Fundi, valvu ndogo kuliko zote ulizowahi kushika ina ukubwa gani?" Akanionyesha ncha ya kidole gumba. Nikamwambia ipo ndogo zaidi, na inafanya kazi usiku na mchana kichwani mwa mtoto wa dada yangu, chini ya ngozi, nyuma ya sikio. Akacheka, akidhani namtania. Alipoona mimi sicheki, akanisogezea kigoda. "Hebu kaa, kijana. Nieleze vizuri."

Nilimweleza, na leo nakueleza na wewe msomaji. Sisi vijana wa mjini tukisikia upasuaji wa ubongo tunafikiria maprofesa na majoho ya kijani basi. Kumbe sehemu kubwa ya historia hiyo ilitengenezwa na mafundi, na wazazi waliokataa kukaa kimya. Mmoja wao alikuwa mwandishi aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam hii hii.

Tuanze na maji. Ndani ya ubongo wa kila mmoja wetu mna vyumba vidogo vinavyotoa maji maangavu. Kwa mtu mzima ni kama nusu lita kwa siku. Maji hayo huuzunguka ubongo na uti wa mgongo, kisha huingia kwenye damu. Njia ikiziba, kwa maradhi, kwa kuumia au kwa kuzaliwa hivyo, maji hujaa ndani na kuubana ubongo. Mifupa ya fuvu la mtoto mchanga bado haijaungana, kwa hiyo kichwa hutanuka. Ndicho tunachokiita kichwa kikubwa au kichwa maji, na mara nyingi huandamana na mgongo wazi. Mtaani kwetu kina majina mengine, ya majini na ya laana. Hayo siyaandiki.

Nasema siyaandiki, lakini nyumbani tuliyasema. Mtoto wa dada yangu alianza kubadilika akiwa na miezi miwili. Utosi ukawa umetuna, kofia zikawa hazimtoshi. Mahali pa kwanza tulipompeleka tuliambiwa atakuwa tu, kichwa ni cha ukoo. Baada ya hapo sisi wenyewe tukaanza safari za waganga. Mimi mwenyewe, msomi wa familia, ndiye niliyetafuta nauli ya kwenda kwa mganga. Tulikuwa tunaishi Kariakoo! Kutoka pale hadi Muhimbili ni mwendo wa miguu: unafika Fire, unashika Barabara ya Umoja wa Mataifa, unaingia Upanga. Njia hiyo ilituchukua miezi mitano.

Sasa turudi kwenye historia. Kabla ya miaka ya 1950 wengi wa watoto wa namna hii walikufa au walibaki na ulemavu mkubwa. Madaktari walishajaribu kuyatoa maji kwa mirija, lakini mrija mtupu una taabu mbili ambazo fundi bomba yeyote anazijua. Unaweza kutoa maji kupita kiasi, na unaweza kurudisha kinachotoka upande wa pili. Ilitakiwa valvu inayofunguka kwa msukumo wa maji na kujifunga yenyewe.

Aliyeitengeneza hakuwa daktari. John Holter alikuwa fundi mitambo, Philadelphia, Marekani. Mwanawe, Casey, alizaliwa mwaka 1955 akiwa na mgongo wazi, na maji yakajaa kichwani. Baba akamsikiliza daktari wa upasuaji, Eugene Spitz, akieleza shida ya mirija. Akaenda nyumbani, akaingia kwenye karakana yake. Mwaka 1956 valvu ya silikoni ikawa tayari: mpasuo mwembamba unaoachia maji yakisukuma na kujibana yakitulia. Casey alifariki angali mtoto mdogo. Valvu ya baba yake ikaendelea kuokoa watoto wa wengine.

Hapo ndipo anapoingia yule mwandishi. Mwaka 1938 kampuni ya mafuta ya Shell ilimleta Dar es Salaam kijana wa Kiingereza, Roald Dahl. Akajifunza Kiswahili, akafanya kazi hapa hadi vita vya pili vya dunia vilipoanza mwaka 1939, kisha akaenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Mwaka 1940 ndege yake ikaanguka kwenye jangwa la Afrika Kaskazini, fuvu likavunjika. Akapona. Miaka 20 baadaye, Desemba 1960, teksi ikagonga kigari alichokuwamo mwanawe Theo, mtoto wa miezi minne, katika jiji la New York. Maji yakajaa kichwani. Theo akawekewa mrija, na mrija ukawa unaziba. Kila ukiziba, mtoto anarudi kwenye meza ya upasuaji.

Dahl hakuwa daktari wala fundi, lakini alimjua fundi. Stanley Wade alikuwa akitengeneza pampu ndogo za injini za ndege za kuchezea. Dahl akamkutanisha na Kenneth Till, daktari wa upasuaji wa ubongo wa watoto mjini London. Mwandishi, fundi na daktari wakakaa meza moja, na mwaka 1962 valvu yao ikawa tayari, ngumu kuziba kuliko zilizotangulia. Walikubaliana wasichukue faida. Wakati huo Theo alikuwa ameshapata nafuu, hakuihitaji tena. Iliwekwa kwa maelfu ya watoto wengine.

Kwetu, kwa miaka mingi wagonjwa wa kichwa walitegemea zaidi madaktari wa upasuaji wa jumla na wa mifupa. Taasisi ya Mifupa Muhimbili ilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, na ndani yake upasuaji wa ubongo na mishipa ya fahamu ukapata makao. Majirani zetu Uganda nao wakaiongezea dunia jambo. Katika hospitali ya CURE kule Mbale, iliyofunguliwa mwaka 2001, daktari Mmarekani Benjamin Warf aliona kwamba mrija ukiziba kijijini, mtoto anaweza kufa kabla mama hajapata nauli. Akaunganisha mbinu mbili: kwa kamera nyembamba anafungua njia mpya ya maji ndani ya ubongo, kisha anachoma sehemu ya tishu inayoyatoa. Kwa watoto wengi mrija hauhitajiki tena. Mbinu iliyokomaa Mbale sasa inafundishwa mpaka Marekani.

Mtoto wetu yeye ana mrija, kutoka kichwani hadi tumboni. Aliwekewa akiwa na miezi saba, na kichwa kikaacha kukua. Leo yuko darasa la tatu, ana maneno mengi kuliko kondakta wa daladala. Lakini haoni vizuri. Maji yalikaa muda mrefu, yakaubana mshipa wa macho. Akisoma, kitabu kinagusa pua. "Mjomba, nisomee wewe," huniambia akichoka, nami namsomea. Kila ukurasa nakumbuka ile nauli ya mganga.

Nilipomaliza, fundi alikaa kimya kidogo. "Maji hayana ujanja," akasema. "Ukiyazibia huku, yatabomoa kule." Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Sasa mtu atajuaje mapema?"

Nikamwambia chombo chake kinauzwa Kariakoo kwa bei ya maandazi: futi ya fundi cherehani. Kliniki hukipima kichwa cha mtoto na kukiandika. Kikikua haraka kuliko inavyotakiwa, utosi ukituna, mtoto akitapikatapika na macho yakizama chini, usingoje. Na kwa aliyekwisha kuwekewa mrija, kutapika na kusinzia kusiko kwa kawaida ni safari ya hospitali siku hiyo hiyo.

Akafuta mikono kwa kitambaa. "Kuna jirani yangu Buguruni," akasema. "Mtoto wake simuoni nje. Wanamfunika khanga."

"Ana miezi mingapi?"

"Mitatu, minne."

Akafunga sanduku la vifaa saa nane mchana, kazi ikiwa katikati. Tulipitia kwa muuza nyuzi, tukanunua futi, tukapanda daladala.