Kutu Ilivyochafua Jina la Lancia

Wasee, ukiambiwa gari ni "safi kama mpya", inama kwanza uangalie chini. Waulize Waingereza.

Lancia Beta, gari la Italia, lilitoka 1972. Lilikuwa tamu barabarani, watu wakalipenda. Kumbe kwa zile za kwanza, kutu ilikuwa inakula kimyakimya pale fremu inayobeba injini inaposhikana na bodi. Juu rangi inang'aa, chini chuma kinaoza. Mwaka 1980 magazeti ya Uingereza yakalipuka, na Lancia ikabidi inunue tena magari yaliyooza kutoka kwa wenyewe. Jina halikupona. 1994 ikafunga virago Uingereza.

Na sisi je? Gari zetu nyingi ni mtumba za Japani, na Mombasa hata upepo una chumvi. Lakini tukienda kununua tunakagua viti na redio!

Gonga pale chini kwa bisibisi. Chuma kizima kinalia, kilichooza kinabonyea. Kutu ikiwa ndogo, ikwangue hadi chuma king'ae, kisha upake rangi ya kuzuia kutu. Ukipaka juu yake tu, umeificha, hujaitibu.

Kampuni nzima ilishindwa na kutu. Hiyo yako ya mkopo itaponaje?