Manowari Iliyotangulia Ombi

Wapo wanaodhani kwamba wepesi wa jeshi la dharura hupimwa kwa mbio za ndege na meli zake. Mambo yaliyotokea Dar es Salaam mwezi wa Januari 1964 yaonyesha vingine.

Usiku wa kuamkia tarehe 20, askari wa batalioni ya kwanza ya Tanganyika Rifles, katika kambi ya Colito, ambayo leo yaitwa Lugalo, waliwakamata maofisa wao Waingereza. Walitaka mshahara uongezwe, maana askari wa chini alipata shilingi 105 kwa mwezi. Tena walitaka nafasi za maofisa zishikwe na Waafrika. Uhuru ulikwisha pita miaka miwili na zaidi, na amri za kambini bado zilitolewa na Mwingereza. Hapana haja ya kutetea maasi ili kukiri kwamba dai hilo lilikuwa na msingi. Lakini saa ilikuwa mbaya. Polisi wapatao 300 walikuwa wamepelekwa Unguja baada ya mapinduzi ya tarehe 12, na serikali haikubakiwa na nguvu ya kumzuia mtu mwenye bunduki. Maduka yaliporwa mjini, watu wakafa. Tarehe 21 batalioni ya pili, huko Tabora, nayo ikaasi.

Sasa itazamwe Aden, iliyokuwa ngome ya Waingereza wakati huo. Usiku wa tarehe 20 kuamkia 21, manowari ya kubebea ndege, HMS Centaur, iling'oa nanga ikiwa imepakia makomando wa majini wapatao 600 wa kikosi cha 45, magari ya deraya na helikopta. Meli hiyo haikuundwa kwa kazi ya kuchukua askari wa nchi kavu. Watu walilala popote palipopatikana nafasi. Hakuna aliyekuwa ameiita. Ilitumwa ikae karibu tu, endapo itahitajiwa, na askari wake wakajizoeza njiani kupanda na kushuka helikopta.

Hivyo jioni ya tarehe 24, Mwalimu Nyerere alipolazimika kuomba msaada, na kuuomba kwa maandishi kama Waingereza walivyotaka, meli ilikuwa imekwisha fika mbele ya pwani. Siku nne nzima zilipita kati ya maasi na ombi. Kati ya ombi na askari ulipita usiku mmoja. Alfajiri ya tarehe 25 helikopta ziliwashusha makomando karibu na kambi, huku manowari nyingine, HMS Cambrian, ikipiga mizinga ya kuwababaisha waasi. Brigedia Douglas, mkuu wa jeshi aliyeponea chupuchupu usiku wa maasi, alikuwa pamoja nao akiwataka waasi wasalimu amri. Roketi ikapigwa kwenye chumba cha walinzi. Askari wachache waliuawa, wengine wakatupa silaha au wakakimbilia vichakani, na haikupita muda mrefu kambi ikatekwa. Tabora nako silaha zikawekwa chini.

Ushindi huo haukumfurahisha aliyeuomba. Nyerere hakuficha kwamba kumwita mtawala wa jana aje kulinda dola changa kulikuwa fedheha, na mwezi wa Februari aliwakusanya Dar es Salaam mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika ili askari Waafrika washike mahali pa Waingereza. Nigeria ikakubali. Batalioni yake ilifika Aprili. Msaada ule ambao moyo uliutaka ulichukua majuma kadhaa kufika, kwa sababu Afrika haikuwa na manowari iliyokwisha ng'oa nanga. Tanganyika Rifles ilivunjwa, na tarehe 1 Septemba 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi.

Upungufu huo wa maandalizi ndio ambao Umoja wa Afrika ulikusudia kuuondoa ulipopanga, miaka arobaini baadaye, kuwa na kikosi cha tayari, kiweze kufika ndani ya siku 14 penye mauaji ya kimbari. Kikosi cha Afrika Mashariki kilitangazwa kuwa tayari Desemba 2014. Mwaka mmoja tu ukapita, na Desemba 2015 Baraza la Amani na Usalama la Umoja huo likaidhinisha askari 5,000 waende Burundi. Serikali ya Bujumbura ikasema kwamba wakija watahesabiwa kuwa wavamizi. Januari 2016 wakuu wa nchi walikutana Addis Ababa, wakaamua kwamba bila ridhaa ya Burundi askari hawatakwenda, nao hawakwenda.